Chupa Namba Sita

"Mimi? Duniani naogopa kitu kimoja tu, kuoa," alisema Chiriku, na mkutano mzima ukaangua kicheko. "Jumamosi kumi na moja nimechota maji nyuma ya ukuta wa kiwanda cha ngozi. Alfajiri, peke yangu. Hata mkono haukutetemeka!"

Uongo ulikuwa mtamu, akautafuna taratibu. Ukweli ni kwamba alikwenda mara moja tu.

Mtandao wao ulikuwa wa vikundi saba kando ya kijito: wakulima wa mboga, wafua nguo, wafuga nyuki na wengineo, pamoja na mafundi baiskeli, waliomchagua Chiriku kwa sababu kazi yoyote inayohitaji mdomo hupewa yeye. Kila Jumamosi kila kikundi kilijaza chupa moja mahali pake, mchotaji akaandika daftarini saa na alichokiona, kisha chupa zikapokezanwa mkono kwa mkono mpaka kwa Mama Chupa, muuguzi mstaafu aliyeuongoza mtandao. Yeye ndiye aliyezipeleka maabara. Walitaka kusimama na majibu hayo mbele ya baraza la mji, kiwanda kilazimishwe kusafisha maji yake kabla ya kuyamwaga. Hawakuwekeana wakaguzi. Ukisema umechota, umechota. Walikuwa wamechoshwa na wakubwa wasiowaamini, basi wao kwa wao wakaamua kuaminiana.

Chupa namba sita ilikuwa ya pale bomba la kiwanda linapotokeza ukutani. Jumamosi ya kwanza Chiriku alifika akipiga mluzi. Maji yalikuwa maangavu, unaweza kujitazama na kuchana nywele. Kilichomsimamisha ni masikio. Hapakuwa na chura aliyelia. Ndege hakuna. Hata mbu, mgeni ambaye haalikwi na hakosi, siku hiyo alikosa. Chiriku akapiga mluzi tena kujipa moyo, nao mluzi ukafia mdomoni mwake kama umetupiwa blanketi. Ndipo akawaona vyura. Walikaa kwenye tope, mstari mmoja, macho wazi, wote wamemwelekea yeye, wakavu kama viatu vya marehemu.

Miguu ilitangulia, mwenyewe akafuata. Chupa ilirudi tupu.

Alipofika nyumbani aliijaza kwenye pampu ya kisima chao uani, akaandika daftarini: "Mahali pa kutisha. Nimesimama imara." Tangu hapo, kila Jumamosi alitoka na ndala zake, akapiga pampu mara nne, akaandika vitisho vipya, akarudi kulala.

Sasa, mkutanoni, Mama Chupa alivaa miwani kusoma majibu. "Namba moja mpaka tano, na namba saba: maji mabaya, kama tulivyotarajia. Namba sita..." Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Namba sita yana dawa ya kiwandani mara tisa ya yale mengine. Dawa inazama ardhini, inajikusanya. Yule mama wa maabara aliniuliza kama kuna mtu anayeyanywa. Nikamwambia, mwanangu, nani mwenye akili anywe maji ya nyuma ya kiwanda?"

Watu walimpigia Chiriku makofi. "Shujaa! Simama tukuone!"

Alisimama. Lakini alichokiona mbele yake hakikuwa watu. Ni pampu ya uani na kikombe cha bati cha dada yake. Dada mwenye mimba ya miezi saba, ambaye siku hizi alikunywa maji kama mchanga.

Aliendesha baiskeli kurudi nyumbani akijiambia kwamba hata maabara hukosea. Alipofungua geti akasimama, akasikiliza.

Kimya.

Mwaka mzima walikuwa wakiwaringia majirani: kwetu hakuna mbu, tumebarikiwa, neti tumeikunja. Sasa Chiriku alikumbuka kwamba chini ya sakafu ya kufulia paliishi chura mmoja mwenye sauti ya mjomba mlevi. Alimsikia lini mara ya mwisho? Kuku walipita pembeni ya dimbwi la pampu, wakajipenyeza chini ya ua kwenda kunywa kwa jirani. Akajaribu mluzi. Ukafia mdomoni mwake, vilevile.

Akatazama vidole vyake. Kila siku alivichovya kwenye beseni la maji ya kisima hicho, akizamisha tyubu ili mapovu yamwonyeshe tundu lilipo. Ngozi ilikuwa ikibanduka kwa mwezi wa pili sasa. Wateja aliwaambia anajivua gamba.

Dada yake akatoka jikoni na kikombe mkononi. "Karibu, shujaa. Simu imekutangulia, nasikia umepigiwa makofi." Akakipeleka kikombe mdomoni.

"Dada, usinywe!"

"Kulikoni?"

"Mjusi... mjusi kaanguka kisimani."

"Mjusi gani?"

"Mkubwa. Kabakiza kidogo awe mamba."

Dada hakucheka. "Kisima kimefunikwa kwa zege, mdogo wangu. Huyo mjusi alipenya wapi?"

Akisema kweli, chupa kumi na moja zingekuwa za uongo, na wote waliomwamini wangechekwa mbele ya baraza. Akatafuta uongo mwingine, akaupata. "Basi ni hivi. Mtandao umepima visima vya mtaa..."

"Nani alikuja kupima chetu?"

Dada akakiweka kikombe dirishani, polepole.

"Mtoto hanipi usingizi," alisema. "Kila Jumamosi alfajiri nimekaa dirishani hapa. Nimekuona ukipiga pampu. Nimekuona ukilamba penseli na kuandika. Nikasema moyoni, acha nimfichie, ni mdogo wangu, maji ya nyumbani yatamdhuru nani?" Akaitazama pampu. "Namba sita ni sisi, siyo?"

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, haukuwa na kitu ndani.

"Asubuhi alicheza sana," dada alisema, mkono tumboni. "Tangu mchana ametulia."

Akauchukua mkono wa mdogo wake, ule wenye vidole vinavyobanduka, akaubandika tumboni. Wakasikiliza wote wawili katika ua ule usio na mbu. Muda ukapita mrefu. Kisha, chini ya kiganja, likaja teke moja, hafifu, kama mtu anayegonga ukuta kutoka upande wa pili.

Dada akavuta pumzi, akajifunga upya kanga yake.

"Haya, baada yangu, shahidi wa pili huyo," alisema. "Geuza baiskeli twende kwa Mama Chupa. Utasema wewe, au tuseme sisi?"