Senti Kumi Iliyokatwa

Wastaafu wenzangu wa posta walinunua ng'ombe. Mimi nilinunua sarafu za kale. Nilizipata mtandaoni, kwa misokoto: kila mmoja sarafu hamsini za senti kumi, za enzi za Mwingereza, zile zenye tundu katikati, zimebanwa ndani ya karatasi ngumu. Muuzaji wangu alikuwa Davis wa Kasulu, ambaye hatukuwahi kuonana naye.

Rozalia alipanga chumba cha uani kwangu, hapa Kasingirima, Kigoma. Alikimbia Burundi mwaka 2015, akafikia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, pamoja na maelfu ya wenzake, na kipindupindu kikamwangusha pale pale ufukweni. Alipozinduka alikuwa kitandani Kigoma mjini. Binti yake Leonida, wa miaka minne, alibaki kule mikononi mwa watu. Kuna waliomwambia mtoto yupo kambini, na kwa maneno hayo aliishi miaka mitatu. Kila Januari alinunua gauni la mtumba Ujiji, kubwa kidogo kuliko la mwaka uliopita.

"Nilimfunga senti yenye tundu kiunoni," aliwahi kuanza kunisimulia. "Baba yangu ali..."

"Ya mwaka gani?" nikamkatiza.

Akachukua ndoo yake, akaenda zake. Nami, mjinga wa sarafu, sikumuuliza alitaka kusema nini.

Msokoto wa mwisho ulifika kwa basi Jumatano asubuhi. Nikaumwaga kibarazani. Arobaini na tisa zilikuwa safi; moja ilikuwa na mikato mitatu ukingoni. Damu ikanichemka, maana kwa mkusanyaji sarafu iliyokatwa ni takataka. Nikaipiga picha, nikamtumia Davis na maneno makali: umeniuzia uchafu.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Nikaufungua kwa sauti ya juu kabisa, kwa sababu masikio yangu yamechoka. Rozalia alikuwa anafua hatua tatu kutoka nilipokaa.

"Shikamoo, Mzee Thobias. Usikasirike, hiyo ilichanganyika kwa bahati mbaya. Niliinunua kwa jamaa aliyezika watoto Kagunga, mwaka ule wa kipindupindu. Aliifungua kiunoni mwa katoto ka kike. Irudishe tu, nikutumie nzima."

Rozalia alikuja na mikono yenye povu. Akapapasa ukingo wa sarafu kwa kidole: mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Baba aliikata mara tatu," akasema, kisha akamwita mwanawe kwa Kirundi: "Yoo, mwana wanje."

Nilitaka kumwambia kwamba zipo nyingi za namna hiyo. Lakini ungekuwa uongo. Kwa miaka kumi sijaona nyingine. Nikamlaani Davis, nikailaani simu, kisha nikajilaani mwenyewe, maana bila hasira zangu za kijinga mwanamke huyu angekuwa bado na mtoto.

Alirudi kwenye beseni akamaliza kufua, akaanika. Mchana akatoka chumbani na magauni matatu yaliyokunjwa vizuri, akayaweka kibarazani kando ya sarafu zangu.

"Mzee," akauliza, "kwenye hiyo simu, wananunua na nguo?"