Uso wa Mama yake Damiano

Mume wangu Andongwisye ni mchongaji, kwa hiyo mimi nimeolewa na vumbi la mbao. Hapa Ihanda watu wanamjua kwa milango na vitanda. Watakatifu anachonga kanisa likihitaji, na kanisa linahitaji mara moja kwa miaka mingi. Basi Damiano alipokuja kutoka Tunduma akasema anataka Mtakatifu Ana wa urefu wa mtu, awekwe kanisani Igamba alikobatizwa, gharama zote juu yake, nilifuta kiti kizuri nikamkaribisha. Damiano ana malori yanayokwenda Zambia mpaka Kongo. Alinisalimia "Mulishani" kama wanavyosalimiana na Wazambia pale mpakani, akajicheka, akanisalimia tena kwa Kiswahili.

Alikuwa na sharti moja. Huyo Ana awe na uso wa mama yake, ambaye ni mwaka wa nne sasa tangu azikwe.

"Picha yake iko wapi, bosi?" mume wangu akauliza.

Akatoa kadi ya mpiga kura. Uso ulikuwa umefutika, kimebaki kilemba. Picha nyingine hakuna, mama yule alikuwa akiona simu imeelekezwa kwake anageuka.

"Basi nieleze alikuwaje."

"Alikuwa na uso wa upole."

Haya. Mama wa nani hana uso wa upole?

Ndipo akatueleza. Mama alipougua, yeye alikuwa Kongo, na alikaa huko miezi mitatu. Alipopigiwa simu ya msiba alianza safari saa ileile, akasema wamsubiri. Dada yake mkubwa, Roda, ndiye aliyekuwa amemuuguza mama, na Roda akazika kesho yake asubuhi. Damiano alifika jioni akakuta udongo mbichi. Kwetu mtoto wa kiume, tena wa pekee, anasubiriwa hata siku tatu. Tangu siku ile hajamsemesha dada yake, wala hataki jina lake litajwe.

"Mimi nataka nimuone mara moja tu," alisema. "Walininyima uso wake." Akajifuta macho kwa kiganja, mtu mzima na malori yake yote. Nilimhurumia sana.

Kazi ikaanza kwa kitabu. Padre Raphaeli alimwazima mume wangu kitabu cha picha za sanamu za Italia, za miaka mia tano iliyopita na zaidi, na kuanzia hapo sikuwa na mume. Anakula nacho, analala nacho. "Mama Tumaini, tazama mkono huu, tazama mishipa." Natazama, huku ugali unapoa. Akanieleza kwamba zamani zile matajiri wa biashara, kama Damiano tu, ndio waliogharamia sanamu nyingi na michoro ya makanisani, na wengine wakaomba wao wenyewe wachorwe pembeni wamepiga magoti. Lakini kilichomkosesha usingizi mume wangu ni kingine. Wachongaji wale walitazama watu. Mzee mwenye makunyanzi, mama anayenyonyesha, kijana wa sokoni. Walianza kuamini kwamba binadamu alivyo, na mwili wake na uchovu wake, anastahili kutazamwa vizuri, kisha sura hiyohiyo wakampa mtakatifu.

"Uso lazima utoke kwa mtu aliye hai," alisema.

"Basi kamtafute aliye hai," nikamjibu, maana alikwisha kufinyanga nyuso tatu za udongo, na kila moja Damiano aliitazama akasema, "Siye."

Mimi nilijua uso ulipo. Roda ndiye ninayenunua kwake maharage, na kila aliyemfahamu marehemu anakwambia wale wawili walikuwa shilingi kwa ya pili. Mume wangu aliposikia akashika kichwa. Bosi alishakataza.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," nikasema. "Yeye kama hawezi kuinama, nitainama mimi." Nikapanda bodaboda mpaka Igamba.

Nilimkuta Roda anapepeta. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo mkononi.

"Akijua ni mimi ataikataa," alisema.

"Hatajua."

Alikuja asubuhi tano. Alikaa kwenye kigoda katikati ya mabanzi akichambua maharage yangu, kwa sababu mwanamke yule hawezi kukaa bure, na mume wangu anatazama, anagonga patasi, anatazama tena. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumtazama Roda kwa muda mrefu hivyo. Siku ya kwanza alijifunika mdomo kwa kitenge, ana pengo. Siku ya tatu akaliacha pengo lake wazi na kuanza kutusimulia habari za mbuzi wa jirani.

Siku ya nne alinifuata jikoni. Akaniambia kwamba mama yake alikonda mpaka alikuwa anamnyanyua kwa mkono mmoja kama mtoto. Na mama akamwapisha: nikifa, unizike kabla Damiano hajafika. Yeye aliniacha nimenenepa, abaki na sura hiyohiyo.

"Nikaapa," alisema Roda. "Nikazika. Damiano akanitukana mbele ya waombolezaji, nikanyamaza. Nina ndugu mmoja tu duniani, Mama Tumaini, na ndiye huyo."

Nililia kuliko yeye. Nikamwahidi kwamba mdomo wangu nimeufunga.

Siku ya tano Damiano akaja bila taarifa. Roda aliposikia gari alikimbilia jikoni. Uso ulikuwa umekwisha, chini ya shingo bado ni gogo la mninga. Damiano alisimama mbele yake muda mrefu. Akaweka kiganja shavuni pa ule mti.

"Mama," alisema, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Halafu akaona kigoda. Akaona ungo wa maharage na kitenge kilichoachwa.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

Mume wangu uongo haujui. Aliiangalia patasi yake, akasema, "Ni dada yako."

Mkono ukatoka shavuni. "Basi sitaki. Ipasueni mpikie. Sitapiga magoti mbele ya sura ya mtu aliyeninyima mama yangu." Akatoka kuelekea garini.

Mimi siri za watu natunza, ulizia Ihanda nzima. Ila siku ile mdomo ulinishinda. Nilimfuata nikamwambia simama hapo, nikamwambia yote: kukonda, kuapishwa, kila kitu, wala sikupunguza. "Alikuficha mama yako kwa amri ya mama yako," nikamwambia. "Miaka minne amebeba matusi yako kwa ajili ya kiapo, na wewe hujawahi hata kumuuliza kwa nini." Ninyi mnaonijua mnajua sauti yangu ilivyo.

Damiano alibaki ameshika mlango wa gari. Roda akatokea jikoni.

"Uliniahidi, Jenista," aliniambia.

"Niliahidi. Nisamehe."

Roda alikuwa anamwangalia mdogo wake, na mdogo wake anamwangalia yeye: nywele zenye mvi, mashavu yaliyoingia ndani, lile pengo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kumtazama usoni. Mume wangu alinivuta mkono nitoke, nikakataa.

"Dada," alisema Damiano.

Akarudi ndani ya karakana, akakaa chini kwenye mabanzi na suruali yake safi. Roda akakaa kwenye kigoda chake. Wakakaa tu, sanamu ipo juu yao, na hakuna aliyeiangalia.

"Siku ya mwisho alikula nini?" Damiano akauliza.

"Uji wa ulezi."

"Alikula mwingi?"

"Vijiko vitatu. Cha nne alifumba mdomo, akasema hicho ni cha Damiano. Nikakishika nikakusubiri, nikakusubiri mpaka kikapoa. Nikakila mimi."