Pete ya Kumi na Tisa

Kila Jumamosi asubuhi mtafiti wa misitu alikuwa akienda mgahawani kupiga soga na wateja kuhusu miti. Hakuwa na hotuba. Aliagiza chai, akaweka mezani kipande cha gogo kilichokatwa kama sahani, na watu wakasogea wenyewe.

Siku hiyo seremala alijigamba. "Mti huu ni wa miaka thelathini. Nikikosea, nafuta meza zote humu!"

"Sitini na miwili," mtafiti akasema. Watu wakaangua kicheko, mmoja akamtupia seremala kitambaa. "Mti huu hupukutisha majani kila kiangazi, kwa hiyo kila pete ni mwaka mmoja. Na hapa penye weusi, uliungua. Miaka kumi na tisa iliyopita."

Sinia likamponyoka mzee aliyekuwa akikusanya vyombo, yule waliyemwita Babu Vikombe. Vigae vikatapakaa sakafuni.

"Mti umetoka wapi, mwanangu?"

"Mteremko wa mashariki, ng'ambo ya mto."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena kwa ncha ya sindano. Kumi na tisa.

Mzee akakaa palepale kwenye vigae. "Nilikuwa mlinzi wa msitu ule. Niliripoti moto, nikaambiwa nilikuwa nimelewa. Mkaguzi akaandika hakuna kilichoungua. Nikafukuzwa kazi."

"Mkaguzi gani, babu?"

"Mrefu, mwenye kigugumizi. Nasikia sasa ndiye mkubwa wenu."

Mtafiti akamjua. Mkurugenzi wake! Mtu aliyemfundisha kushika msumeno.

Jumatatu aliliweka gogo juu ya meza ya mkurugenzi, akamweleza yote. Alijiandaa kwa ubishi. Mkurugenzi akaligusa kovu kwa kidole.

"Si-sikupanda kule. Mvua ilikuwa imeanza, njia inateleza. Ripoti niliiandikia garini."

Uongo mtafiti angeuweza, lakini ukweli mwepesi namna ile ulimkata maini.

"Mwandikie mzee barua, ukiri," akasema. "Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Jioni mtafiti aliipeleka barua nyumbani kwa mzee. Mkewe ndiye aliyeipokea. Aliisoma mlangoni, akairudia.

"Miaka yote hii," akamwambia mumewe, "nimekuita mlevi mbele ya watoto."

Mzee akamsogezea kigoda. Mkewe hakukaa. Alianza kuisoma barua kwa mara ya tatu.