Konokono katika Maji ya Kapteni

Konokono waliingia kwangu na nyasi za sikukuu. Asubuhi ya Mwaka Mpya wetu, mwezi wa Septemba, jirani yangu Etagegn alileta mzigo wa nyasi mbichi zilizokatwa ukingoni mwa ziwa. Tukazitandaza sakafuni, na kishungi kilichobaki mkononi mwake akakitumbukiza kwenye tangi la samaki.

"Samaki naye aione sikukuu," alisema.

Kilipendeza, nikakiacha. Kufika Sikukuu ya Msalaba, wiki mbili baadaye, kiooni palikuwa na vitone vya utelezi, kama mate yaliyoganda. Kisha vitone vikaanza kutembea.

Tangi hilo alilitengeneza marehemu mume wangu, Legesse, aliyekuwa fundi wa vioo hapa Bishoftu. Alikata vioo mwenyewe, akaviunganisha kwa gundi, akalipachika ukutani sebuleni, mahali tunaponywea kahawa. Ndani amebaki samaki mmoja mwekundu, mnene, mwenye mkia kama shela. Legesse alimwita Kapteni kwa sababu huzunguka taratibu kama mtu anayekagua gwaride. Watoto wetu wameoa na kuolewa mbali. Kapteni ndiye kiumbe hai aliyebaki humu ndani aliyezoea mkono wa Legesse. Nilitaka aishi. Sikuomba zaidi ya hilo.

Nilianza kuwatoa konokono kwa kidole. Kila asubuhi nikirudi kutoka kanisani, hata shela sijavua, nakunja mkono wa gauni na kuwabandua mmoja mmoja. Nikimaliza kioo cha mbele, cha nyuma kimejaa. Nikachemsha jani la kabichi kidogo, nikalizamisha jioni. Asubuhi likawa limefunikwa nao kama mkate uliopakwa ufuta. Nikalitoa nikimshukuru Mungu, nikazamisha jingine. Likajaa vilevile. Niliwapelekea kuku wa Etagegn. Mwanzoni waliwagombania. Baadaye jogoo akawa anautazama mkono wangu, anageuka, anakwenda zake.

Etagegn alicheka mpaka akashika ukuta. "Hata kuku wamekinai, Etiye! Sasa utampelekea nani, fisi?"

Huniita Etiye, yaani dada, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake, lakini heshima yake huishia kwenye jina.

Jirani yetu wa pili ni Kifle, tunayemwita Gashe kwa heshima ya umri, mzee aliyestaafu ufundi wa ndege. Yeye alileta kichupa cha dawa ya buluu.

"Matone machache tu, konokono kwisha habari."

"Na Kapteni?"

"Kapteni ni askari. Atavumilia."

"Askari nao huzikwa, Gashe."

"Basi punguza matone."

Nilipunguza. Konokono walikufa kweli, wote kwa pamoja, wakaanguka wakaozea katikati ya mawe. Maji yakawa kama yaliyooshewa nyama, nyumba ikanuka, na Kapteni akapanda juu akitweta, kinywa nje ya maji. Bomba letu hutoa maji kwa zamu, na siku hiyo haikuwa zamu yetu. Nilibeba ndoo kutoka pipa la Etagegn mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Kapteni alipona, ila magamba ya ubavuni yalimtoka. Muda si muda, nikaona kiooni vitu vidogo kama punje za teff, nafaka yetu iliyo ndogo kuliko ufuta. Vinatembea.

Nilikaa kitini nikalia. Hasira tupu, si huzuni. Nikamwambia Mungu: umewaumba, sawa, lakini mbona wote umewaleta kwangu?

Katikati ya Mfungo Mkuu nikaamua kuyainua mawe yote. Chini yake palikuwa na kitu cha kijivu, kizito, mfano wa uji uliolala, na konokono wamejirundika juu yake kama watu kwenye karamu. Nilikichota kwa bakuli nikakinusa. Uchachu ule naujua tangu nikiwa mgongoni kwa mama: injera, mkate wetu mwembamba wa teff iliyochacha.

Mimi humpa Kapteni chembe za chakula chake asubuhi, basi. Nilirudisha mawe, nikaweka bakuli nyuma ya mlango, nikangoja saa ya kahawa.

Mchana ule, tulipofungua mfungo wa siku, walikuja wote wawili kama kawaida. Niliinamia makaa nikipepea, lakini jicho lilikuwa chini ya shela. Gashe Kifle aliinuka kwenda kunawa, akapita karibu na tangi, vidole vyake vikaachia kitu majini. Kisha Etagegn akakata injera, akaifunga na mchuzi wa dengu, akaliviringa tonge vizuri kama la kumtilia bwana harusi mdomoni, maana kwetu kumlisha mtu kwa mkono ni heshima, akainua kifuniko cha tangi.

"Etagegn!"

"Abee! Nini?"

"Unafanya nini?"

"Namlisha tonge. Kwani leo ndiyo mara ya kwanza?"

"Unamlisha kila siku?"

"Etiye, mwenyeji anatutazama tukila, kinywa wazi, halafu tumnyime? Sikulelewa hivyo mimi."

"Anafungua kinywa ili apumue!"

"Hata mimi nafungua ili nipumue. Lakini ukinitilia tonge sitalitema."

Gashe Kifle alicheka, kisha akaona uso wangu, akajifanya anakohoa.

"Na wewe, Gashe?"

"Mimi ni makombo tu, mama. Matonge ni ya huyu. Na unajua mwenyewe, la kwanza peke yake huleta ugomvi, lazima lifuatwe na mengine."

Nikalitoa bakuli, nikaliweka katikati yao, karibu na vikombe. Konokono walikuwa bado wanatambaa kwenye ule uji.

"Tazameni. Kapteni hali haya. Wanaokula ni hawa. Nyinyi mnawafuga, mimi nawakamata. Tangu Mwaka Mpya mgongo wangu umeisha, ndoo zimenimaliza, samaki nusura afe, kumbe kila siku mnawaandalia harusi!"

Etagegn aliweka tonge kwenye sinia. "Kwa hiyo mkono wangu ni uchafu."

"Sijasema hivyo."

"Umeliita jina langu kama unaita mwizi. Kwa tonge! Nimeshakula katika nyumba nyingi, sijaona mtu akizuiwa kulisha."

Alijifunga shela akatoka. Vilikuwa vimenywewa vikombe viwili. Cha tatu, cha baraka, hakukingoja. Mtu akikikimbia kikombe hicho kwako, hata jirani wa mbali huambiwa.

Maji yalianza kutulia. Chini ya mawe pakawa safi. Asubuhi jani la kabichi lilikuwa na konokono wachache, na siku nyingine wachache zaidi. Kapteni alishuka kutoka juu, akaanza tena kukagua gwaride lake. Ningefurahi. Lakini kahawa niliinywa na Gashe Kifle peke yake, naye alikaa mikono nyuma kama mfungwa, akiogopa hata kudondosha bisi. Nilikuwa na haki, na haki hainywi kahawa nawe. Niliwakasirikia konokono, nikamkasirikia Etagegn, nikajikasirikia mwenyewe kwa kukasirika ndani ya mfungo, wakati kasisi anatuambia kila siku tusameheane.

Nilikwenda mlangoni kwake. Binti yake akasema, "Mama yuko kanisani." Viatu vya mama yake vya kanisani vilikuwa pale pale kizingitini. Nikarudi nyumbani.

Asubuhi ya Pasaka Etagegn aliingia bila kubisha, gauni jeupe, mkononi sahani ya mchuzi wa kuku, mwekundu, siagi inaelea juu.

"Kristo amefufuka," alisema, akiutazama ukuta.

"Kweli amefufuka," nikajibu.

Alimlisha Gashe Kifle, aliyekuwa ameshaketi kwangu. Akanilisha mimi. Nikadhani yameisha. Kisha akafunga tonge jingine, kubwa, akasimama mbele ya tangi.

"Leo Pasaka," alisema. "Leo hata mfungwa gerezani hulishwa."

Tone la mchuzi lilidondoka kwenye kifuniko, likatambaa kuelekea ukingoni. Siagi na pilipili ile ndani ya maji, Kapteni asingeiona jioni. Nikimzuia, Etagegn ataondoka, na mara hii hatarudi. Nikinyamaza, nitamzika samaki wa Legesse mwenyewe. Gashe Kifle aliacha kutafuna.

Niliinuka nikasimama kati yake na kioo.

"La Kapteni nipe mimi," nikasema.

"Nini?"

"Mwenye nyumba hii alikuwa Legesse, naye hayupo. Samaki ni wake, mimi ni wake. La samaki napokea mimi."

Nikafungua kinywa.

Alishusha mkono kidogo, tonge likiwa bado vidoleni. Nilidhani atalirudisha sahanini.

"Mpe basi, mama wee," Gashe Kifle akapaza sauti, "mchuzi unafika kwenye maji!"

Akanitilia. Lilikuwa tonge la kumshibisha mkulima. Mashavu yalijaa, pilipili ikanitoa machozi. Sijamaliza kumeza, la pili liko mdomoni.

"Hilo la pili. Na hili la tatu, ili wewe na samaki wako msigombane na mimi tena." Akafuta mkono kwa kipande cha injera. "Mwambie Kapteni yamefika."

"Yamefika," nikasema, au nilijaribu kusema.

"Na bado la kwako wewe."

"Etagegn, nimeshakula la kwangu!"

"Hilo lilikuwa kabla sijakusamehe."

Akakaa, akavuta kigoda karibu na makaa, akangoja mpaka kikombe cha baraka.

Konokono bado wapo. Leo asubuhi nimetoa sita, na nyuma ya jiwe kubwa nimeona mayai. Gauni la kanisani limeanza kunibana, maana siku hizi kwenye kila kahawa nakula matonge ya watu wawili. Nikisema nimeshiba, Etagegn huligeukia tangi.