Hariri ya Bibi Fuatino

Sinatala hakuchora picha zake, alizibandika. Alikata majarida, mifuko ya mchele na vipande vilivyochakaa vya siapo, kitambaa cha magome ya mti yaliyopondwa, akavigandisha pamoja mpaka viache kugombana. Alisema imani yake ya Kibahai inawahesabu binadamu wote kuwa familia moja, na yeye haoni kwa nini takataka zibaguliwe. Watu wa Apia, huko Samoa, walimcheka, kisha wakamletea takataka zaidi.

Asubuhi moja kuba la Nyumba ya Ibada ya Wabahai ya Tiapapata lilikuwa limekamilika kwenye picha mpya, kwa kitambaa cheupe kinachong'aa. Shangazi yake Losa aliingia, akalitazama, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Wewe, kitambaa hicho umekitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la matambara."

"Matambara? Hiyo ni sanda ya bibi yako."

Sinatala aliligusa kuba. Wabahai huvikwa hariri au pamba wanapozikwa, na Bibi Fuatino, aliyekuwa kitandani tangu mvua zianze, alikuwa ameitunza hariri yake miaka mingi katika sanduku hilo hilo.

"Nibandue?"

"Na gundi yote hiyo? Nenda ukaseme. Mimi simo."

Aliibeba picha mpaka chumbani kwa bibi. Angemwambiaje mgonjwa kwamba amemkatia sanda akiwa hai? Alimkuta bibi akinywa kakao.

"Mbona umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa?"

"Bibi, nimeikata hariri yako."

Bibi alishusha kikombe. "Yote?"

"Nusu. Sikujua, bibi. Nisamehe, nitakutafutia nyingine."

"Hebu lete hapa."

Alilipapasa kuba polepole kwa kidole, huku Sinatala akisubiri kukaripiwa.

"Hapa limepinda," bibi alisema. "Nyingine ya nini? Pamba inatosha. Hariri yenyewe ingenitelezesha tu huko kaburini."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichotaka kuisha. Sinatala alimshika mgongo, akahisi mifupa mitupu chini ya gauni.

"Chukua na ile nusu nyingine," bibi alisema alipopata pumzi. "Ila usichelewe, mwanangu. Nataka kuiona picha imekwisha."

Sinatala alikuwa amejiandaa kwa hasira ya bibi yake. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa hata kidogo, akakaa kando ya kitanda akalia.