Mawaridi ya Jana

Mtaa mzima wa Musaga ulijua kwamba maua ya Spès hayafi upesi. Kabla ya vita, mabibi matajiri wa Kiriri walikuwa wakimtumia gari aje apange maua katika vyombo vya kauri sebuleni kwao, na wiki ikiisha ua bado limesimama wima. Hakuwa na uchawi. Alikata mashina mshazari, alibadilisha maji kila asubuhi, akatia na kipande cha makaa, basi. Lakini alivyojivuna! Wifi yake Lisette alipomletea mawaridi ya plastiki, aliyasukuma chini ya kitanda na mfuko wake wa nailoni, akaapa hayataingia katika chombo chake hadi azikwe.

Sasa ni mwaka wa tisini na tano, na huyo fundi wa maua ana mume juu ya dari.

Marcellin alikuwa wa kabila ambalo vijana wa Musaga walilifukuza mtaani tangu Machi. Majirani waliambiwa amekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Kumbe yuko palepale, amelala juu ya mbao, miezi mitatu sasa. Chakula hakikuwa shida. Shida ilikuwa choo, maana kilikuwa uani, cha nyumba nne, chenye macho ya nyumba nne. Ndipo Spès akautoa mtungi mkubwa wa kauri ya bluu, aliopewa siku ya harusi yake. Alfajiri Marcellin anashuka, anautumia, anapanda. Spès anachomeka maua juu yake na kuuweka pembeni mwa sebule. Wanawake wakishaenda bombani, anaubeba kifua mbele kwenda kuumwaga. Nani amuulize? Si anabadilisha maji ya maua, kama siku zote? Tena alichagua maua ya njano ya Kinanira, yale magumu ambayo maji yake yenyewe hunuka vibaya. Mwanamke ana akili huyu!

Lakini Jumatatu barabara ya Kinanira ikafungwa. Akarudi na mawaridi meupe ya Kiriri, akapita nayo kwenye kizuizi cha vijana, akayachomeka mlemle. Jumanne asubuhi, wanawake hawajatoka bado, mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

Alikuwa Salvator, mkubwa wa vijana wa doria, na wenzake wawili. Mwaka juzi Spès ndiye aliyempambia harusi yake.

"Mama Spès, tunaangalia manyumba yote. Kuna watu wanaficha watu."

"Muangalie tu," alisema, akawapisha mlangoni.

Wale wawili wakaingia chumbani. Wakapindua kitanda, wakatupa nguo sakafuni, nailoni ya Lisette ikapigwa teke hadi mlangoni mwa sebule, mawaridi yake mekundu ya plastiki yakachungulia. Juu, ubao ukalia kidogo. Spès akakohoa kwa nguvu. Salvator hakutazama juu. Alitazama mtungi.

Mawaridi yalikuwa yamekufa. Yote! Vichwa vimelala, majani yamekauka pembeni kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mungu wangu, mkojo, Spès alijiambia. Miaka kumi na mitano katika kazi hii, anajua hata chumvi kidogo huunguza shina, na hilo halikumjia kichwani! Maua ya njano yalivumilia. Waridi litavumilia vipi? Alijichukia kwa ujinga huo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Jana umepita nayo pa baria," Salvator alisema polepole. "Yalikuwa mazima. Mi mwenyewe nimeyashika."

"Ni jua, Salva. Limeyapiga njiani."

"Ya harusi yangu yalikaa siku tisa. Mke wangu Christa alikuwa anazihesabu."

Akainama, akanusa. Akabaki ameinama vile, mkono juu ya ukingo wa mtungi. Spès akashika ukuta.

"Salva! Umeona kitu?" mmoja aliita kutoka chumbani.

Salvator akanyooka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hakumtazama Spès.

"Apana," alijibu kwa sauti kubwa. "Ni maua tu. Tuende."

Wenzake walipotangulia nje, aliiokota ile nailoni mlangoni akamtia Spès mikononi.

"Mama, weka haya," alinong'ona. "Yale yanakusema. Kesho si mi nitakuja."

Jumatano wakaja wengine, wanne, hakuna hata mmoja aliyemjua. Walifungua kabati, wakachoma magunia kwa visu. Mkubwa wao, mtu mrefu mwenye koti la mvua, akasimama mbele ya mtungi wa bluu na kugusa waridi jekundu kwa kidole.

"Mazuri," alisema. "Yanakaa?"

Juu ya kichwa chake dari ilikuwa kimya. Spès akayatazama yale maplastiki aliyoyaapia, yamejaa vumbi la chini ya kitanda.

"Yanakaa sana, baba," alisema. "Hakuna yanayokaa kama haya."