Shungi la Kahawia

Mahali pekee ambapo msusi alithubutu kuvua wigi lake palikuwa stoo ya saluni yake mwenyewe, katikati ya ndoo za krimu na mifuko ya nywele za bandia. Mlango alikuwa anaufunga kwa komeo, kisha anauegemezea kiti. Siku hiyo kiti alikisahau, na lile komeo lilikuwa la jina tu.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, muuza mapazia wa duka la jirani, aliusukuma mlango kwa nyonga kama kawaida yake, mikono imebeba vikombe vya chai. Akasimama. Akatazama. Chai ikaanza kumwagika.

"Heh! Wifi! Kumbe tuna uwanja wa ndege huku nyuma, na sisi tunahangaika na mabasi?"

"Funga mlango!"

"Ndege zinatua saa ngapi?"

"Wifi, nitakuua."

Wifi akafunga mlango kwa kisigino, akaweka vikombe chini, akakaa juu ya ndoo na kucheka mpaka akajipiga mapaja. Msusi naye alitaka kukasirika, lakini hasira za mtu aliyeshika wigi mkononi kama paka aliyelowa hazina uzito. Akacheka. Akicheka vile vile machozi yakamtoka, na wifi akamsogezea kikombe cha chai.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Tangu afungue saluni, msusi alikuwa tangazo lake mwenyewe. Kila mtindo mpya ulianzia kichwani kwake, na wasaidizi wakimuuliza, "Nikaze, dada?" alijibu, "Kaza, usinionee huruma." Wakakaza. Nywele za mbele zikaanza kuondoka kidogo kidogo, kama mgeni anayenyemelea mlango bila kuaga. Sasa toka paji mpaka juu ya masikio palikuwa panang'aa.

"Wateja wakijua, nani atanipa kichwa chake?" alisema. "Utampa kiatu chako fundi anayetembea peku?"

"Kaka yangu anajua?"

"Kaka yako anadhani nalala na kilemba kwa ajili ya baridi."

Msusi akamwonyesha simu. Kliniki moja ya mjini, ya kupandikiza nywele, ukurasa wake umejaa vichwa vilivyostawi. Chini kulikuwa na kitufe chekundu: weka nafasi leo, punguzo linaisha leo. Kidole gumba cha msusi kilikuwa kinaelea juu yake.

Wifi akampokonya simu.

"Wewe! Ukija dukani kwangu kununua pazia unalivuta, unalinusa, unauliza likifuliwa litachuja. Pazia! Kichwa ndio unataka kukitoa kwa kubonyeza?"

"Nitaulizaje? Sauti yangu mji mzima wanaijua."

"Yangu hawaijui." Wifi akakohoa, akabadilisha sauti ikawa ya bibi mwenye mafua, akapiga na kuweka spika.

"Karibu kliniki, nikusaidie nini, mama?"

"Mwanangu, nina mume. Ana kichwa kama balbu. Nikizima taa bado namwona."

Msusi akajiziba mdomo kwa wigi.

"Mlete, mama! Atarudi na msitu."

"Ahsante. Na huo msitu anaupanda nani? Daktari?"

"Wataalamu wetu."

"Hao wataalamu wana majina?"

"Mama, punguzo linaisha leo."

"Nimesikia, mwanangu. Na nywele zikigoma kuota, mnafanyaje?"

"Hazijawahi kugoma."

"Hata kwa mtu mmoja? Basi niunganishe na mmoja aliyeota, tuongee."

"Angalia picha kwenye ukurasa wetu, mama. Zinajieleza." Simu ikakatwa.

Basi wakaziangalia hizo zinazojieleza. Ya kwanza, mwanamke mwenye paji lililorudi nyuma, uso umeandikwa huzuni. Ya pili, yule yule, nywele nyeusi ti! zimemwagika mabegani. Baada ya miezi minane, maandishi yalisema. Msusi akaikuza picha. Akaikuza tena. Akasogea kwenye balbu.

"Wifi. Hili wigi nimelishona mimi."

"Acha masihara."

"Tazama nyuma ya sikio. Unaona shungi la kahawia? Nywele nyeusi ziliniishia, nikamalizia na za kahawia, nikajiambia nyuma ya sikio nani atatazama. Huyu ni yule karani wa bima!"

Wifi aliteleza kutoka kwenye ndoo na kubaki sakafuni. "Yaani ulikuwa unakwenda kulipa upandikizwe wigi lako mwenyewe!"

Karani wa bima alipigiwa simu kuwa wigi lake limefika wakati wa kuoshwa, akaja mchana akiwa nalo kichwani. Saluni ilikuwa imetulia. Mteja mmoja tu, mwalimu wa chekechea, alikuwa chini ya drai inayounguruma, macho kwenye gazeti.

"Shoga," wifi alianza, kwa sauti tamu ya kuuza pazia lenye tundu, "hebu tupe siri. Miezi minane tu, umeota hivyo?"

Karani akabadilika rangi. "Mmeiona?"

"Tumeikuza."

"Binamu yangu yuko mapokezi pale," akasema, akiangalia vidole vyake. "Walinipiga picha asubuhi bila wigi, wakanipiga nyingine na wigi. Hiyo miezi minane ilipita kabla ya chakula cha mchana."

"Na wewe ulipata nini?"

"Waliahidi kunitibu bure wakishapata daktari. Bado wanamtafuta."

Wifi akapasuka kwa kicheko, msusi akafuata, na karani mwenyewe, aliyekuja na aibu ya mwaka mzima, akajikuta ameshika meza asianguke. Katika kucheka huko msusi alimtazama karani vizuri. Alikuwa amelishona wigi lile, akampima kichwa juu ya kofia ya wavu, na hakuwahi kumuuliza kwa nini analitaka. Kila mmoja alikuwa amejificha mbele ya mwenzake.

Akainua mkono, akavua la kwake.

"Dada!" karani akasema. "Hata wewe?"

"Mimi ndiye makao makuu."

Safari hii hawakutafuta picha. Walitafuta majina. Kliniki ya pili ilitaja jina la daktari bila kuombwa mara mbili, na jina hilo walilikuta kwenye orodha ya baraza la madaktari, na leseni yake hai. Wifi akapiga, sauti ya bibi imeshamshinda kwa kicheko, na mapokezi wakampa daktari mwenyewe.

"Kwanza nitakiona kichwa," daktari alisema. "Kama ni kuvutwa na misuko na mizizi bado ipo, huenda msihitaji kupandikiza kabisa. Kama imekufa, nitawaambia, na nitawaambia pia kinachoweza kushindikana. Msilipie upandikizaji wowote kabla sijaona."

Msusi akaitazama ile simu kama mtu anayenusa pazia. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Tuwekee nafasi mbili, daktari," wifi akasema.

Drai ikainuka. Mwalimu wa chekechea, ambaye gazeti lake lilikuwa juu chini muda wote, akajishika paji.

"Tatu, jamani. Na mimi."

Alasiri mteja mwingine aliingia, akakaa kitini, akafunga macho kama kawaida ya wateja.

"Kaza vizuri, dada, idumu."

Wigi la msusi lilikuwa limening'inia kwenye msumari wa vitana. Alikizungusha kiti mpaka mteja akafumbua macho, akainama, akaleta paji lake linalong'aa karibu na pua ya mteja.

"Lisome vizuri hili," akasema. "Hapa palikazwa."

Mteja akasoma.

"Legeza, dada," akasema. "Legeza kabisa."